Rotuman Grammar and Dictionary ya Churchward: cha mwaka 1940 na bado ndo chenyewe

Nianze na jibu kwa wasio na muda wa kusoma yote. Kama unataka kuielewa lugha ya Kirotuma, yani sauti zake zinavyotamkwa na sarufi yake inavyokaa, tafuta hichi kitabu, kizee hivyohivyo, maana sijaona kingine cha kukiweka pembeni yake. Nimeshapitia sarufi za lugha kadhaa ndogo za Pasifiki na nyingi zinakuchosha kabla hujafika kwenye kitu cha maana, hichi kinakupa utamu mapema tu. Ila kina shida zake, na ntazitaja maana hela ya kitabu ni hela na muda wa kukisoma ni mwingi.

Kwa ambao ndo wanasikia leo: Rotuma ni kisiwa kidogo cha volkano, mamia ya kilomita kaskazini ya visiwa vikubwa vya Fiji, urefu wake kama kilomita 13 hivi. Waingereza walikichukua tarehe 13 Mei 1881 wakakiunganisha na Fiji, na mpaka leo kiko chini ya Fiji, ila watu wake sio Wafiji, wana lugha yao na wana mila zao. Kisiwani kwenyewe wanaishi watu wasiofika elfu mbili. Warotuma wengi wako Suva na sehemu nyingine za Fiji, wengine Australia na New Zealand, kwaiyo ni lugha ambayo wasemaji wake wengi wanaisemea mbali na kwao. Ki ukoo iko kwenye familia kubwa ya Kiaustronesia, ileile ya Kimalagasi na Kimalei na Kihawaii, na ndugu zake wa karibu ni Kifiji pamoja na lugha za Kipolinesia kama Kisamoa na Kitonga.

Mwandishi ni C. Maxwell Churchward, mmisionari Mmethodisti wa Australia, ambae baadae aliandika pia sarufi ya Kifiji na ya Kitonga, na ya Kitonga wataalamu wanaiheshimu mpaka kesho. Hiki cha Kirotuma kilitoka Sydney mwaka 1940, kikachapwa tena 1978. Ndani kuna vitu viwili kwenye jalada moja, sarufi halafu kamusi ya Kirotuma kwenda Kiingereza. Na kabla hujauliza, ndio, chote kimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha zamani cha mtu aliyesoma sana, kwaiyo kama Kiingereza kinakusumbua jiandae.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndo kitabu kinaanza kulipa.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa na Kirotuma na nadhani watu wengi hawajui. Konsonanti zake ni 14 tu na karibu zote unazo tayari mdomoni: p, t, k, f, v, s, h, m, n, l, r, hizo hazina neno. Zilizobaki tatu ndo za kuangalia, na mbili kati yake ni shida ya herufi tu, sio shida ya ulimi. Herufi g kwa Churchward inasomwa ng', ileile ya ng'ombe, wala sio g ya gari. Herufi j inasomwa ch, ileile ya chai. Kwaiyo ukiona neno gagaja, ambalo ndo chifu, usisome kama lilivyo, soma ng'ang'acha. Wilaya ya Juju kule kisiwani inasomwa Chuchu, na Pepjei ni Pepchei. Mzungu wa Ulaya anahangaika na hiyo ng' mwanzoni mwa neno mpaka jasho, sisi tunapita tu.

Ya tatu ndo ile alama kama koma ya juu, ambayo ni sauti ya kukata pumzi kooni, ile ya kusimamisha sauti ghafla katikati halafu unaiachia. Watu wanaidharau hii. Wanaiona ni pambo la maandishi, wanairuka, na mitandaoni hata Warotuma wenyewe mara nyingi hawaiandiki kwa sababu kibodi inasumbua. Ila ni konsonanti kamili kama s au r, na Churchward anaiheshimu hivyo kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na baadae kidogo kwenye sarufi utaona ushahidi kwamba alikuwa sahihi, ntakuonyesha.

Irabu za msingi ni zetu zilezile tano, a e i o u. Mkazo nao uko palepale petu, silabi ya pili kutoka mwisho. Neno kamili la Kirotuma linaishia na irabu kama la kwetu. Hebu angalia haya maneno: hosa ni ua, mose ni kulala, futi ni kuvuta, pure ni kutawala au kuamua, famori ni watu, tokiri ni kubingirika. Mtu akikuambia hayo ni maneno ya lugha fulani ya Kibantu huwezi kubisha. Unayatamka vizuri hapohapo bila kufundishwa na mtu.

Halafu unafika kwenye sehemu ya maumbo mawili, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo moyo wa kitabu, na ndo sababu wanaisimu wa dunia nzima wanakijua hicho kisiwa kidogo.

Karibu kila neno la Kirotuma lina maumbo mawili. Churchward aliyaita umbo kamili na umbo lisilo kamili. Umbo kamili ndo hayo niliyoandika hapo juu, yanaishia na irabu. Umbo lisilo kamili linapatikana kwa kulifupisha neno mwishoni, ila namna ya kulifupisha sio moja, na uzuri wote uko hapo. Hosa inakuwa hoas. Umeona kilichotokea? Ile a ya mwisho imeruka juu ya s ikaenda kukaa pembeni ya o. Pure inakuwa puer. Tiko, ambayo ni nyama ya mwili, inakuwa tiok. Sauti zinabadilishana nafasi kabisa, konsonanti inaenda mwisho na irabu inaingia ndani, na hii haitokei kwa bahati mbaya kwenye neno mojamoja kama watoto wanavyokosea, ni kanuni ya lugha nzima, kila siku, kwenye kila sentensi.

Na ule ushahidi wa pumzi ya kooni ndo huu: samaki ni i'a, na umbo lake fupi ni ia'. Ile alama ya koma nayo imeenda mwisho kama s ya hosa ilivyoenda. Pambo la maandishi haliwezi kuhama namna hiyo. Mi hapa ndo nilimvulia kofia huyu mzee, maana hakuhitaji kubishana na mtu, alipanga mifano tu ikajisemea.

Kundi la pili linafanya kitu kingine. Mose inakuwa mös. Futi inakuwa füt. Famori inakuwa famör. Hapa irabu ya mwisho haikuhama wala haikupotea, imeyeyuka ndani ya ile iliyotangulia zikazaa irabu mpya. Ö unaipata hivi: sema e, halafu bila kubadilisha kitu kingine chochote viringa midomo kama unataka kusema o. Ü sema i huku midomo ikiwa ya u. Fanya kwa sauti hapo ulipo utaisikia. Na ukifikiria utaona ni kitu kizuri mno, maana ö ina o na e zote mbili ndani yake kwa wakati mmoja, msikilizaji hajapoteza chochote, anajua nyuma ya mös kuna mose.

Kundi la tatu halina huruma, irabu ya mwisho inakatwa tu. Rako, yani kuiga au kujifunza, inakuwa rak. Tokiri inakuwa tokir. Na kundi la nne ndo yale maneno yanayoishia na irabu mbili zilizoshikana au irabu ndefu, hayo hayaguswi, kama lelei ambayo ni zuri, inabaki lelei popote.

Swali linalokuja kichwani kwa kila mtu ni je neno linajuaje liende kundi gani? Kitabu kinakupa orodha na kanuni, ila ukikaa nazo na kalamu utaona zinashikwa na irabu mbili za mwisho. Irabu ya mwisho ikiwa inatamkwa mdomo wazi zaidi kuliko iliyotangulia, kama o ikifuatiwa na a, au u ikifuatiwa na e, zinabadilishana nafasi. Kama ya mwisho ni ya mbele ya mdomo, e au i, na iliyotangulia ni ya nyuma, o au u, na ya mwisho haijafunguka zaidi, zinayeyushana. Zikiwa zinafanana, kama i na i kwenye tokiri, hakuna cha kuokoa, ya mwisho inakatwa. Rako nayo inakatwa kwa sababu a imefunguka zaidi kuliko o na o sio ya mbele. Ukishalikamata hilo unaweza kukisia umbo fupi la neno ambalo hujawahi kuliona, na unapata, na hiyo raha ni ya kipekee kwa mtu anaependa lugha.

Jina la kisiwa lenyewe limo humohumo. Rotuma ni umbo kamili. Lugha yao wanaiita fäeag Rotuạm, na hapo mwisho unaona a imeruka m. Kwaiyo hata ukitaka kutaja jina la lugha kwa lugha yenyewe unakutana na hii kanuni mlangoni.

Sasa mtu atasema sawa, wanafupisha maneno, hata sisi tukiongea haraka tunakula irabu, cha ajabu kiko wapi? Hapana. Cha ajabu ni kwamba hayo maumbo mawili yana kazi kwenye maana. Angalia mfano wake mwenyewe Churchward, ambao umenukuliwa na wataalamu mpaka umekuwa maarufu: famori 'ea maana yake wale watu wanasema, watu tunaowajua mi na wewe. Famör 'ea maana yake watu fulani wanasema, wapo tu. Sentensi ni ileile, maneno yaleyale mawili, kilichobadilika ni o na i kuyeyushana. Mwingine (koma za juu hapa ni ile pumzi ya kooni, sio alama za kunukuu): 'epa la hoa' ni mikeka ile itachukuliwa, na 'eap la hoa' ni mikeka fulani itachukuliwa. Hilo la katikati ndo linaonyesha wakati ujao. Sisi kutofautisha hivyo tunaleta neno zima, tunasema wale, au fulani, au tunaweka o ya rejeshi. Wao wanaigeuza mwisho wa neno, kazi imeisha.

(Na mikeka kule sio mchezo. Ule mwembamba mweupe wanaouita apei ndo unabeba heshima kwenye shughuli za harusi na mazishi, kwaiyo kujua kama ni mikeka ile au mikeka yoyote ni jambo la maana sana.)

Halafu inaenda mbali zaidi. Nomino ikiwa na kivumishi, ile alama ya ujulikanaji inabebwa na neno la mwisho peke yake. Fe'eni ni mwenye bidii. Famör fe'eni ni wale watu wenye bidii, umeona famori imefupishwa kwa kuwa iko ndani ya kundi, na fe'eni ndo imebaki kamili kwa niaba ya wote wawili. Famör fe'en, zote fupi, ni watu wenye bidii, wowote. Na famori fe'en, ya kwanza kamili ya pili fupi, hiyo ni sentensi nzima, watu wana bidii. Soma tena hizo tatu polepole. Tofauti ya kati ya kundi la maneno na sentensi kamili imebebwa na nani kafupishwa na nani hajafupishwa. Mi nilivyofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea, maana ni kitu ambacho ukikisikia kwa mtu bila mifano huwezi kuamini lugha inaweza kujipanga hivyo.

Ukishalijua hili utaanza kuliona kila mahali. Chifu wa wilaya anaitwa gagaj 'es itu'u. Gagaja imekatwa ikawa gagaj kwa sababu sio neno la mwisho. Itu'u, wilaya, imebaki kamili kwa sababu ndo ya mwisho. Wilaya kubwa kuliko zote inaitwa Itu'ti'u, ni itu'u iliyokatwa pamoja na ti'u, kubwa. Ramani ya kisiwa inageuka kuwa somo la sarufi.

Kwenye maelezo ya lini utumie umbo lipi ndo kitabu kinapata uzito kidogo. Churchward anasema umbo kamili linaonyesha kitu kinachojulikana, au mkazo, au kwamba jambo limefika mwisho, na anaorodhesha hali mbalimbali moja baada ya nyingine, na nyingine zinaonekana kama zimewekwa tu pamoja bila kuungwa. Wataalamu waliokuja baadae hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe, kuna wanaosema jibu liko kwenye urefu wa kiambishi kinachofuata, kuna wanaorudi kwenye maana. John McCarthy na Juliette Blevins na wengine wameandika makala nzito za kinadharia kuhusu hayo maumbo, na ukizifungua utaona mifano mingi inatoka wapi: hapahapa kwenye kitabu cha 1940. Nadharia zinakuja zinapita, data ya mzee imekaa palepale. Kwangu hicho ni kipimo kikubwa cha ubora wa sarufi, kwamba watu wanaobishana wote wawili wanaitegemea.

Kamusi sasa. Ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa kitabu cha umri ule. Imeegemea umbo kamili, ambayo ni akili, maana kutoka umbo kamili unaweza kulitengeneza fupi kwa kanuni, lakini kurudi nyuma sio rahisi. Ukisikia hoas unajua ni hosa. Ukisikia rak, utajuaje irabu iliyokatwa ilikuwa gani? Lazima ujue neno. Kwaiyo anaejifunza Kirotuma kwa masikio atapata tabu na kamusi mpaka azoee, na hili sio kosa la mwandishi, lugha ndo imekaa hivyo.

Kasoro kubwa ya kamusi ni kwamba inaenda upande mmoja. Unatoka Kirotuma kwenda Kiingereza, basi. Unataka kujua wanasemaje jambo fulani, huna pa kuanzia, unapekua. Pengo hilo lilizibwa 1998 na kamusi mpya iliyotoka Suva kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ambayo Elizabeth Inia, mwalimu na mzee wa Kirotuma, alikuwa mmoja wa walioitengeneza, na yenyewe inaanzia Kiingereza kwenda Kirotuma. Ukiweza pata zote mbili. Ukilazimika kuchagua moja na lengo lako ni kuelewa lugha, chukua Churchward. Kama unataka kuzungumza na bibi yako kwa simu kila Jumapili, labda ile ya 1998 itakufaa haraka zaidi.

Kitu kingine ambacho kitabu hakikiahidi ila unakipata bure ni historia ya lugha. Mwaka 1965 Bruce Biggs alichukua maneno ya Kirotuma akaonyesha kwamba yana tabaka mbili, ya urithi na ya kukopa kutoka Polinesia. Ukiwa na kamusi mkononi unaweza kulifuatilia mwenyewe. Chukua namba. Tatu kwa Kifiji na Kisamoa ni tolu, Kirotuma ni folu. Saba kwa Kisamoa ni fitu, Kirotuma ni hifu. Jiwe ni vatu kwa Kifiji, hạfu kwa Kirotuma. Umeona t ya wenzao imegeuka f kwao, kila mahali, kwa utaratibu. Sasa ukikutana na neno la Kirotuma ambalo wenzao wana t na lenyewe limebaki na t, hapo mara nyingi ni la kukopa, limeingia baada ya ile f kushapita. Samaki wa Kifiji ni ika, Kirotuma i'a, kwaiyo k nayo ilienda kuwa ile pumzi ya kooni. Jioni nzima inaweza kuisha hivyo na usijutie hata dakika.

Kuhusu maandishi. Kabla ya Churchward wamisionari walishaandika Kirotuma, tena Wakatoliki wa Kifaransa na Wamethodisti kila mmoja kivyake, na hao hawakuishia kugombana kwa kalamu tu, kisiwa kiliingia vitani kwa mambo ya dini mwaka 1878. Tahajia ya Churchward ndo ilikuja kushika. Faida yake ni kwamba inaonyesha kila kitu, ö, ü, ä, na ile ạ yenye nukta chini. Hasara yake ni hiyohiyo, alama ni nyingi, na anaeandika ujumbe kwenye simu hana muda nazo. Ukienda kusoma wanachoandikiana Warotuma leo utakuta alama zimeachwa, inabidi uzirudishe mwenyewe kichwani, na hapo ndo utashukuru kwamba ulijifunza kanuni na hukukariri maneno.

Ambacho kinauma ni sauti. Kitabu hakina sauti, na hakuna maelezo ya maandishi yatakayokupa ile hoas inavyosikika kwa silabi moja badala ya mbili. Maana wengi wanaosoma peke yao wanasema ho-as, wanaikata katikati, na sio hivyo, inatoka mara moja, o inateleza tu kwenda a. Tafuta Mrotuma akusomee. Kama huna, kuna filamu ya mwaka 2004 ya Vilsoni Hereniko, Mrotuma mwenyewe, ambayo watu wanaongea Kirotuma kabisa, ikalishe masikio yako humo kabla hujajiamini. Na mwezi Mei, kwenye wiki ya lugha ya Kirotuma inayofanyika New Zealand, kunakuwa na nyimbo na mazungumzo mengi mtandaoni, kaa nayo hayo.

Jingine, hii ni sarufi na kamusi, sio kozi. Hakuna mtu atakaekushika mkono somo la kwanza, somo la pili. Vifupisho ni vingi, maelezo yamebanwa, inabidi usome na daftari pembeni. Mi ushauri wangu usianze mwanzo. Pitia sauti haraka, kwa msemaji wa Kiswahili ni nusu saa tu, kisha ruka moja kwa moja kwenye maumbo mawili, kaa hapo mpaka uweze kuligeuza neno lolote bila kuangalia, halafu ndo urudi kusoma mengine. Ukianza kwa utaratibu wa kurasa utakutana na mifano iliyofupishwa kabla hujajua kwa nini imefupishwa na utadhani ni makosa ya uchapaji.

Kuhusu kukinunua. Nakala za karatasi ni za mitumba, toleo la kwanza ni adimu na bei yake inakera, la 1978 ndo linapatikana. Muuzaji niliyenunua kwake aliandika hali nzuri, kikaja kurasa za katikati zimeachia gundi, nimezishona. Mimi nimeridhika nacho hata hivyo maana kinachosomwa kinasomeka. Tatizo baya zaidi ni nakala zilizopigwa picha kwa kompyuta zinazosambazwa, na hili liangalie kwa makini kabla hujatoa hela. Ile nukta ya chini ya ạ ni ndogo sana, ikipita kwenye mashine mbovu inafutika, au uchafu wa karatasi unageuka kuwa nukta pasipo na nukta. Nukta mbili za ö na ü nazo zinaungana zinakuwa kama kistari. Kwa vitabu vingine hiyo ni kero ndogo, kwa hiki ni kuharibu kila kitu, kwa sababu mos na mös na mose sio kitu kimoja. Mwombe muuzaji akutumie picha ya ukurasa mmoja wa kamusi, popote kwenye herufi h, ikuze, tafuta hạfu. Nukta ikionekana safi, lipia.